Roboti ya oda inazima ukifunga terminali? Igeuze iwe sevisi

Post ya leo ni ndefu na ina mambo ya kompyuta, kwa hiyo isevu, ukipata muda ukae nayo laptop ikiwa mbele yako. Inamhusu yule ambaye tayari ana skripti inayomsaidia kwenye biashara: inapokea oda, inapunguza stoo, inatuma ripoti, chochote. Uwe umeiandika mwenyewe kwa kuangalia video au kuna kijana alikuandikia akaendelea na maisha yake. Ukiiwasha kwa mkono inapiga kazi vizuri tu. Tabu inaanza ukiiacha peke yake.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Unauza viatu mtandaoni, wateja wanaagiza kupitia roboti ya Telegram. Skripti yako ya Python inaitwa oda.py. Mteja akichagua kiatu na saizi, skripti inaangalia stoo. Pea ikiwepo inaitoa kwenye hesabu na kumtumia lipa namba. Ikiwa imeisha inamwambia imeisha.

Sasa skripti imezima saa nne usiku, wewe umelala. Wateja wanaandika hawajibiwi. Hilo linauma ila linavumilika, wengine watarudi. Baya lenyewe linakuja asubuhi. Mteja wa WhatsApp anaomba saizi 39, ipo pea moja tu, unamuuzia. Saa tano unagundua roboti imezima, unaiwasha haraka haraka. Telegram inazitunza meseji ambazo roboti haijazichukua kwa muda usiozidi saa 24, kwa hiyo oda zote za usiku zinaingia kwa mkupuo. Miongoni mwao yumo aliyetaka ile 39. Roboti inaangalia hesabu yake, inaona bado ipo moja, inamtumia lipa namba, na yeye analipa. Umeuza kiatu kimoja mara mbili. Hela utarudisha siku hiyo hiyo, lakini sote tunajua neno atakaloliandika chini ya post zako: tapeli. Hilo halirudishwi.

Kwa hiyo kabla ya yote, skripti ikizima na wewe umeshauza kitu kwa mkono, ingiza kwanza ulichouza kwenye hesabu ya stoo, ndipo uiwashe. Hata kama wateja wanalalamika. Dakika kumi za kuchelewa ni nafuu kuliko neno lile.

Kwa nini inazima ukifunga terminali

Ukiandika python oda.py, skripti inakuwa mtoto wa ile terminali. Ukiifunga, mfumo unaipelekea skripti ishara inayoitwa SIGHUP, na programu nyingi zikiipata zinazima. Kuna wanaotumia nohup, wengine screen. Kwa jioni moja sio mbaya. Lakini umeme ukikatika kompyuta ikazima, ikiwaka tena hakuna wa kuiwasha skripti. Na ikianguka yenyewe kwa sababu ya kosa, hakuna wa kuiinua.

Sevisi ni programu inayoishi nyuma ya pazia, haina dirisha, na inasimamiwa na mfumo wenyewe. Kwenye Ubuntu, Debian na Raspberry Pi OS msimamizi anaitwa systemd. Ubuntu inamtumia tangu toleo la 15.04 la mwaka 2015, kwa hiyo kama mashine yako si ya kale sana unaye tayari, huna cha kupakua. Ndiye wa kwanza kuamka kompyuta ikiwaka, na ndiye anayeamsha wengine. Ukimkabidhi skripti yako, ataiwasha umeme ukirudi, ataiinua ikianguka, na ataandika kila ilichosema.

Mashine si lazima iwe ya kukodi. Laptop ya zamani yenye Ubuntu inatosha kabisa kwa duka dogo, na betri yake, hata kama imechoka, inakupa dakika kadhaa umeme ukikatika. Ila ukifunika mfuniko inalala na skripti inalala nayo. Fungua faili /etc/systemd/logind.conf, weka mstari huu, uwashe kompyuta upya:

HandleLidSwitch=ignore

Faili la kumkabidhi

Tengeneza faili /etc/systemd/system/oda.service kwa sudo, uandike hivi:

[Unit]
Description=Roboti ya oda za viatu
Wants=network-online.target
After=network-online.target
StartLimitIntervalSec=600
StartLimitBurst=5
OnFailure=taarifa.service

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/home/duka/kazi
EnvironmentFile=/etc/duka/siri.env
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/home/duka/kazi/venv/bin/python /home/duka/kazi/oda.py
Restart=always
RestartSec=30

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Halafu:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now oda.service

Neno enable maana yake iwashwe kila kompyuta ikiwaka. Neno --now maana yake na sasa hivi pia. Ukiweka start peke yake, itawaka leo, umeme ukikatika ndio basi. Na kila ukigusa hilo faili, rudia daemon-reload kisha systemctl restart oda.service, la sivyo inaendelea kutumia maandishi ya zamani na wewe utazunguka nyumba nzima ukitafuta kosa ambalo umeshalirekebisha.

Tokeni ya roboti usiiandike ndani ya faili la sevisi. Hilo faili kwa kawaida linasomeka na yeyote aliyeingia kwenye mashine, na mwenye tokeni ndiye mwenye roboti: anaweza kuwatumia wateja wako lipa namba yake. Iweke kwenye /etc/duka/siri.env, mistari miwili tu, TOKENI=… na CHAT=… ambayo ni namba ya chati yako mwenyewe. Usiweke neno export mbele. Kisha sudo chmod 600 /etc/duka/siri.env. Systemd analisoma kabla hajabadilika kuwa mtumiaji duka, kwa hiyo hata likiwa la root peke yake halitakataa. Kama tokeni imeshavuja, nenda kwa BotFather uifute upate nyingine, leo hii.

Kwa mkono inakubali, kwenye sevisi inagoma

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye nohup. Skripti ni ile ile, kompyuta ni ile ile, kwa nini igome? Kwa sababu mazingira sio yale yale. Wewe ukifungua terminali unakuja na vitu vyako: folda uliyosimama, jina lako la mtumiaji, mipangilio iliyoko kwenye faili la .bashrc, venv uliyoiwasha. Sevisi haina hata kimoja. Inaamka kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku, haijui njia yoyote ila ile uliyomwandikia.

Ndiyo maana kwenye ExecStart nimeandika njia nzima kuanzia alama ya / ya kwanza. Usiandike python peke yake, utapata Python ya mfumo ambayo haina maktaba ulizoweka kwenye venv, na logi itakuambia ModuleNotFoundError. Usiandike alama ya ~, haitafsiriwi pale. Usiweke && wala | wala >, maana mstari ule hausomwi na bash. Ukivihitaji, viweke kwenye faili la .sh, halafu ExecStart iite hilo faili. Na kama skripti inafungua "stoo.db" bila njia, itaitafuta kwenye WorkingDirectory. Usipoiweka, itaitafuta kwenye mzizi wa mfumo, /, ambako hakuna kitu.

Njia nzuri ya kuona kile sevisi inachoona ni kuivua skripti nguo zote kisha kuiwasha kwa jina la mtumiaji yule yule:

sudo systemctl stop oda.service
cd /
sudo -u duka env -i /home/duka/kazi/venv/bin/python /home/duka/kazi/oda.py

Itagoma kwanza kwa sababu ya tokeni, hilo ni sawa, tokeni haipo. Ikigoma kwa jambo jingine kabla ya hapo, umeshampata mchawi wako.

Ule mstari wa stop sio wa mapambo. Ukiwasha kwa mkono huku sevisi nayo inakimbia, zinakuwa roboti mbili zinazogombania oda zile zile. Telegram yenyewe itarudisha kosa namba 409 lenye neno Conflict. Ukiliona hilo kwenye logi usiguse kodi, tafuta nakala ya pili:

pgrep -af oda.py

Mara nyingi ni ile uliyoiacha na nohup wiki iliyopita.

Uliza logi kwanza

Tabia ninayoiona kwenye magrupu ni mtu kufuta kila kitu na kuanza upya. Tulia. Systemd ameandika kila kitu, muulize.

systemctl status oda.service
sudo journalctl -u oda.service -n 50 --no-pager

Ya kwanza inakuonyesha hali, ya pili inakupa mistari 50 ya mwisho ya maneno ya skripti. Ukiweka -f badala ya -n 50 unaitazama mubashara, mistari inakuja yenyewe. Ukitaka ya tangu jana, weka --since yesterday.

Kwenye hali, tafuta neno status= na namba iliyo mbele yake. Namba hiyo inakuambia tatizo liko upande gani, na inaokoa muda mwingi. Ikiwa 203/EXEC, systemd hakuweza hata kuianzisha programu: njia umekosea, au faili la .sh halijapewa ruhusa ya kukimbia, ambayo inatolewa na chmod +x. Kuna na sababu moja ya kuudhi ambayo macho hayaioni. Faili la .sh uliloliandika kwenye Notepad ya Windows linaweza kuwa na alama iliyofichika mwisho wa kila mstari, na mstari wa kwanza wa #!/bin/bash unakuwa jina la programu isiyokuwepo. Utaambiwa faili halipo wakati unaliona kwa macho. Dawa yake:

sed -i 's/\r$//' /home/duka/kazi/taarifa.sh

Ikiwa 200/CHDIR, folda ya WorkingDirectory haipo au mtumiaji haruhusiwi kuingia. Ikiwa 217/USER, huyo mtumiaji duka hujamtengeneza. Ikiwa 1/FAILURE, systemd amefanya kazi yake vizuri, skripti yenyewe ndiyo imeanguka, kwa hiyo shuka kwenye logi utafute neno Traceback na usome mstari wake wa mwisho kwanza. Pale ndipo Python inapotaja kosa. Mistari ya juu yake inakuonyesha njia iliyopita kufika pale.

Kosa moja la ruhusa linawasumbua sana wanaotumia SQLite. Umempa mtumiaji duka ruhusa ya kuandika kwenye stoo.db, bado inakataa. SQLite ikiandika inahitaji kutengeneza faili dogo la muda pembeni, kwa hiyo ruhusa inatakiwa kwenye folda pia, sio faili tu. Maliza kwa sudo chown -R duka /home/duka/kazi.

Na kama logi iko tupu kabisa ingawa skripti imejaa print? Hiyo ndiyo kazi ya PYTHONUNBUFFERED=1. Python ikiona haiandiki kwenye terminali inakusanya maneno kwanza, inayatoa kwa fungu. Ikianguka vibaya, mengine yanapotea nayo. Ule mstari unailazimisha itoe kila neno hapo hapo.

Halafu angalia kama folda /var/log/journal ipo. Kwa mipangilio ya kawaida, isipokuwepo logi inakaa kwenye RAM, na umeme ukikatika ushahidi wote umeondoka, kasoro ile siku ndiyo ulikuwa unauhitaji. Itengeneze:

sudo mkdir -p /var/log/journal
sudo systemctl restart systemd-journald

Baada ya hapo unaweza kusoma ya kabla kompyuta haijazima kwa kuongeza -b -1. Ukiogopa itajaza diski, sudo journalctl --vacuum-size=200M inapunguza za zamani.

Inasema running lakini haijibu mtu

Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, kwa sababu ukiangalia hali unakuta rangi ya kijani. Systemd anajua kitu kimoja tu: mchakato upo hai. Hajui kama unafanya kazi. Ni kama kijana wa dukani amekaa kwenye kiti, macho wazi, lakini mawazo yako mbali.

Sababu kubwa ni mtandao. Maktaba ya requests ya Python, usipoiwekea muda wa kusubiri, inaweza kusubiri jibu bila kikomo. Mtandao ukiyumba katikati ya ombi, skripti inakaa pale pale mpaka kesho. Haijafa, kwa hiyo Restart haiamki. Weka timeout kwenye kila ombi. Kwa getUpdates ya Telegram kuna muda wa aina mbili, usizichanganye: ule unaoiambia Telegram ishike laini, tuseme sekunde 30, na ule wa requests ambao lazima uwe mrefu kidogo, tuseme 40. Ukiufanya mfupi kuliko ule wa kwanza utajikatia laini mwenyewe kila mara.

Muda ukiisha, skripti ikamate kosa hilo, isubiri sekunde kadhaa, ijaribu tena. Isife. Zile network-online.target mbili kule juu zinasaidia tu isikimbilie kuanza kabla mtandao haujasimama kompyuta ikiwaka. Haziahidi kwamba bando lipo.

Ongeza na print moja inayotoka kila baada ya dakika tano, neno lolote, "nipo" inatosha. Kisha journalctl -u oda.service -n 1 itakuonyesha mara ya mwisho kupumua ilikuwa saa ngapi. Wapo wanaopanga sevisi iwashwe upya kila usiku ili kukwepa tatizo hili. Mimi siipendi hiyo, unaufunika ugonjwa na siku ukikubana saa sita mchana utakuwa hujui unaanzia wapi.

Kuinuka tena kunaweza kukuuzia mara mbili

Restart=always ni tamu mpaka ufikirie inainuka ikiwa imefikia wapi. Telegram inahesabu kwamba umepokea meseji pale unapoomba inayofuata kwa kutaja offset iliyo kubwa kuliko update_id yake. Sasa fikiria: skripti imepokea oda ya saizi 39, imepunguza stoo, kisha imeanguka kabla ya kuomba inayofuata. Baada ya sekunde 30 inainuka, Telegram inaileta oda ile ile kwa sababu kwake haijapokelewa. Stoo inapungua mara ya pili. Mteja anatumiwa lipa namba mara mbili, na wewe unawaambia watu bidhaa imeisha wakati pea iko kwenye shelfu.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye SQLite tengeneza jedwali la oda ambalo update_id ndiyo ufunguo wake mkuu, yaani haiwezi kujirudia. Kuandika ile update_id na kupunguza stoo vifanyike ndani ya muamala mmoja, kwa Python ni kuviweka vyote chini ya with conn. Aidha vinaingia vyote viwili au hakiingii hata kimoja. Oda ikija tena, kuandika kunagoma kwa sababu namba ipo, na skripti inairuka. Kama skripti ilikuwa inaandika stoo kwenye faili la maandishi, hii peke yake ni sababu ya kutosha kuhamia SQLite, inakuja na Python bure.

Usiweke Restart kabla ya hili. Afadhali roboti iliyokufa kuliko inayofufuka na kuhesabu vibaya.

Ikishindikana ikupigie kelele

Ile OnFailure inaamsha sevisi nyingine pale oda.service inapofika hali ya failed. Lakini kuna mtego. Sevisi yenye Restart haifiki failed mpaka imalize idadi ya majaribio yanayoruhusiwa, na kawaida ni mara 5 ndani ya sekunde 10. Sisi tumeweka ipumzike sekunde 30 kila ikianguka, kwa hiyo kikomo cha kawaida haikifiki kamwe. Itaanguka na kuinuka usiku kucha na wewe hupati hata meseji moja. Ndio maana tumeongeza StartLimitIntervalSec=600: ikishawashwa mara 5 ndani ya dakika 10 na bado inaanguka, systemd anaiacha na kuita taarifa.service. Ukishatibu tatizo, sudo systemctl reset-failed oda.service halafu start.

Faili la taarifa.service ni fupi, linahitaji Type=oneshot, EnvironmentFile ile ile na ExecStart ya taarifa.sh. Ndani ya taarifa.sh:

#!/bin/bash
curl -s --max-time 20 -d chat_id="$CHAT" -d text="Roboti ya oda imezima" "https://api.telegram.org/bot$TOKENI/sendMessage"

Meseji hiyo inapita kwenye mtandao ule ule. Mtandao ukiwa umekata, au kompyuta imezima kabisa, haitafika. Kwa hiyo weka na ripoti ya kila jioni, oda ngapi na stoo imebaki ngapi. Siku ripoti isipokuja kwa wakati, ujue kuna jambo, amka ukaangalie. Kwa kazi kama hii ya mara moja kwa siku usitumie skripti inayozunguka siku nzima, tumia taima. Unakuwa na ripoti.service yenye Type=oneshot na TimeoutStartSec=2min, kwa sababu oneshot isipowekewa haina kikomo cha muda, na faili la ripoti.timer:

[Unit]
Description=Ripoti ya jioni

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 21:00:00
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target

Unaiwezesha taima, sio sevisi: sudo systemctl enable --now ripoti.timer. Persistent maana yake kama kompyuta ilikuwa imezima muda huo, ripoti itatoka ikiwaka. Kisha angalia systemctl list-timers uone itakayofuata ni saa ngapi. Kama umekodi seva ya nje, nyingi zinakwenda na saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Hiyo 21:00 uliyokusudia iwe saa tatu usiku itakufikia saa sita usiku. Rekebisha mara moja:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Walio Kenya wataweka Africa/Nairobi, saa ni ile ile. Na wenye Raspberry Pi za kabla ya namba 5, jueni hazina saa ya ndani inayoendelea umeme ukikatika. Zikiwaka bila mtandao zinaweza kuwa na tarehe ya nyuma, kwa hiyo msishangae logi ikisema oda iliingia kabla haijaagizwa.

Ukikwama, tuma hapa majibu ya systemctl status na ile mistari 50 ya journalctl, sio picha ya skrini yote iliyokatwa nusu, halafu useme ulibadilisha nini mara ya mwisho kabla haijagoma. Kabla hujatuma pitia mistari yote, maana makosa ya requests mara nyingi yanaandika anwani nzima ya api.telegram.org na tokeni yako ikiwa ndani yake. Futa hiyo kwanza.